Moin Moin ya Unga wa Kunde

Moin moin ni chakula cha kunde zilizosagwa, zikachanganywa na pilipili, kitunguu na mafuta, kisha zikaivishwa kwa mvuke ndani ya majani mpaka rojo likagandamana. Asili yake ni kwa Wayoruba wa kusini-magharibi mwa Nigeria, ingawa leo huliwa nchi nzima, na Wahausa wa kaskazini huiita alale. Kwenye sherehe za Lagos hupangwa kando ya wali wa jollof. Nyumbani huliwa asubuhi pamoja na ogi, uji laini wa mahindi yaliyochachushwa. Iliyopikwa vizuri hukatika kwa kijiko bila kumomonyoka, na ndani hubaki na unyevunyevu.

Kunde zenyewe si ngeni Afrika Mashariki: ni zile zile zinazopikiwa bajia pwani na ambazo majani yake huliwa kama mboga. Nigeria ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzilima. Mashamba mengi yako kaskazini, kwenye ukame, na magunia hupitia masoko makubwa kama Dawanau la Kano kabla ya kupakiwa kwenye malori ya kwenda kusini. Kwa moin moin huchaguliwa nyeupe zenye jicho jeusi, au za kahawia ziitwazo oloyin, ambazo zina utamu wa kiasi.

Kazi kubwa ya chakula hiki iko kwenye maganda. Ganda likisagwa pamoja na kunde, rojo huwa jeusijeusi, hukwaruza ulimini na halishikani vizuri. Kwa desturi, kunde hulowekwa kwa dakika chache tu, husuguliwa kwa viganja au kutwangwa kidogo kwenye kinu, halafu humiminiwa maji mengi ili maganda yaelee na kumwagwa. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi, hadi kunde zibaki nyeupe. Watoto wengi wa Kinigeria wamejifunza uvumilivu kwenye beseni la kunde. Baada ya hapo kunde hulowekwa tena mpaka zilainike, ndipo zipelekwe kwenye mashine ya sokoni au zitiwe kwenye blenda.

Unga wa kunde unaondoa adha hiyo yote kwa mara moja. Kunde zilizomenywa huanikwa juani hadi zikauke kiasi cha kuvunjika zikitafunwa, kisha husagwa na kuchekechwa. Siku moja ya kazi hutoa unga wa miezi, na kwa Wanigeria wanaoishi Ulaya au Marekani, pakiti ya dukani mara nyingi ndiyo njia ya pekee wanayoimudu siku za kazi. Unga mzuri una rangi ya maziwa mazito na hauna vidoadoa vyeusi. Ukinusa harufu ya mafuta yaliyochacha, umekaa mno. Anayesaga mwenyewe hana budi kuzikagua kunde kwanza, kwa sababu fukusi wa kunde huzitoboa zikiwa ghalani, na unga wa kunde zilizotobolewa huwa mchungu. Unga huhifadhiwa kwenye chombo kinachoziba kabisa.

Hata hivyo, wapishi wengi huulaumu unga kwa moin moin ngumu, yenye chengachenga na ladha ya ubichi. Lawama hiyo haiuhusu unga, inaihusu haraka. Kunde iliyolowekwa imekwisha kunywa maji kabla ya kusagwa, lakini chembe za unga ni kavu hadi ndani, na zikipelekwa motoni mara tu baada ya kukorogwa, huiva kabla hazijashiba maji. Kwa hiyo hatua isiyorukwa ni kuulowesha. Vikombe 2 vya unga huwekwa kwenye bakuli, maji ya vuguvugu humiminwa kidogo kidogo huku yakikorogwa ili madonge yasitokee, kisha bakuli hufunikwa na kuachwa kwa nusu saa, na saa nzima ni bora zaidi. Maji ya moto hayafai, kwani huanza kuupika unga papo hapo na kuufanya mabonge. Bakuli likifunuliwa, rojo huwa limekuwa zito kuliko lilivyoachwa, na ukilisugua kati ya vidole, ule ukavu wa chembe umepungua.

Kwa kiasi hicho cha unga hutosha pilipili hoho nyekundu 2 kubwa, kitunguu maji kimoja kikubwa, na pilipili mbuzi kulingana na uvumilivu wa walaji. Vyote husagwa kwenye blenda pamoja na rojo lililoloweshwa. Blenda hapa ina kazi mbili: kusaga viungo, na kuingiza hewa ndani ya rojo. Kunde zilizosagwa mbichi hupata hewa hiyo kwa urahisi, ilhali unga, hasa uliosagwa laini kupita kiasi, huhitaji kupigwa kwa dakika kadhaa. Asiye na blenda hutwanga viungo, kisha hulipiga rojo kwa mwiko mpaka mkono uchoke. Supu ya nyama au ya samaki huongezwa mwishoni, hadi maji yote, pamoja na yale ya kuloweshea na ya pilipili, yafike kama vikombe 4. Rojo sahihi humiminika kutoka kwenye kijiko bila kukatika, na ni jepesi kuliko mpishi mgeni anavyotarajia.

Mafuta yasionewe uchoyo. Nusu kikombe huonekana kingi, lakini ndicho kinachoifanya moin moin iwe laini hata ikipoa. Mawese huipa rangi ya chungwa na harufu yake, na mafuta ya kawaida ya kupikia hayana neno. Hufuata chumvi, uduvi uliosagwa na kidonge cha supu. Vijazio hutegemea mfuko: vipande vya yai la kuchemsha, samaki aliyechambuliwa, nyama ya kopo. Iliyojazwa kila kitu hupewa sifa ya utani, elemi meje, yaani yenye roho saba.

Jani la asili la kufungia huitwa ewe eran. Hutoka kwenye mmea wa msituni, Thaumatococcus daniellii, ambao tunda lake lina protini iitwayo thaumatini, tamu maelfu ya mara kuliko sukari. Uti wa nyuma wa jani huchongwa ili lisipasuke, majani mawili hupandanishwa, hukunjwa kuwa pia, na ncha ya chini hurudishwa nyuma kuziba mwanya. Rojo huchotwa, baada ya kukorogwa kila mara kwa kuwa unga hutuama, kisha mdomo wa jani hukunjwa. Majani ya mgomba yaliyopitishwa kwenye moto hufaa pia, na vikopo vya maziwa vilivyopakwa mafuta ni vya kawaida mijini. Wapo wanaotumia mifuko ya nailoni kwa urahisi wake, lakini mifuko hiyo haikutengenezwa kwa kupikia na ni afadhali iachwe.

Vikonyo vya majani hutandikwa ndani ya sufuria, kwenye kitako chake, ili vifurushi visiguse moto, hutiwa maji ya kina kidogo, na vifurushi husimamishwa vikiegemeana. Majani mengine hufunika juu kabla ya mfuniko. Kwa moto wa wastani, moin moin huiva kwa dakika 45 hadi 60. Maji yakipungua huongezwa ya moto, yakimiminwa pembeni. Kisu kikichomwa katikati na kutoka kisafi, imeiva, japo huwa bado laini na hukaza ikipoa. Ikiwa ngumu kama sabuni, maji au mafuta yalikuwa haba. Ikijitenga matabaka, maji yalizidi au rojo halikukorogwa.

Mashariki mwa nchi, kwa Waigbo wa Enugu na Nsukka, kuna okpa, ndugu wa chakula hiki, nayo hupikwa kwa unga wa njugu mawe. Huko unga ndiyo desturi yenyewe: huchekechwa, huchanganywa na mawese hadi uwe wa manjano, huongezwa pilipili, chumvi na maji, na rojo jepesi sana hufungwa kwenye majani ya mgomba. Wauzaji huwakimbilia abiria wa mabasi kwenye njia panda ya Ninth Mile wakinadi okpa ya moto.

Moin moin iliyobaki hukaa kwenye jokofu siku mbili tatu. Hupashwa kwa mvuke ikiwa bado ndani ya jani, au hukatwa vipande na kukaangwa kwa mafuta kidogo.