Jinsi ya kuifanya programu ijipime yenyewe kabla haijafika zahanati za delta

Kibiti. Zahanati za visiwani kwenye delta ya Mto Rufiji, kule Salale au Maparoni, hufikiwa kwa boti au mtumbwi kukatisha mikoko. Takwimu zake huandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, kisha huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta unaotumika katika sekta ya afya Tanzania. Hesabu ikiharibika ndani ya mfumo, kupanda boti kurudi kuhesabu watoto upya si kazi ndogo.

Ndiyo maana watengeneza programu huandika majaribio madogo madogo, kila moja likipima kipande kimoja cha programu. Shida ni kwamba wengi huyaandika vizuri, halafu wanasubiri mtu akumbuke kuyaendesha. Siku ya haraka hakuna anayekumbuka.

Mfano wa chanjo

Mtoto hupata chanjo ya Penta akiwa na wiki 6, 10 na 14. Watoto 40 wakipata dozi ya kwanza na 34 wakafika ya tatu, walioacha njiani ni 6 kati ya 40, yaani asilimia 15. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), ikizidi 10 kuna tatizo.

Jaribio la hesabu hii ni jepesi tu: ipe programu 40 na 34, ikirudisha kitu tofauti na 15, ipige kelele.

Sasa fikiria mwezi kama Aprili 2024, mafuriko yalipozikumba wilaya za Kibiti na Rufiji. Tuseme kliniki haikufanyika na hakuna mtoto hata mmoja aliyechanjwa. Programu itagawa sifuri kwa sifuri. Fundi mwenye haraka anaweza kuziba tundu hilo kwa kuandika jibu liwe asilimia 0. Kwenye skrini ya halmashauri itasomeka kwamba hakuna mtoto aliyeacha chanjo, kumbe hakuna aliyefikiwa! Jaribio la pili linatakiwa lidai jibu liwe tupu, siyo sifuri.

Skripti ndiyo mlinzi

Majaribio hayo yanapaswa kuitwa na skripti ileile inayojenga programu. Kwa programu za Java, zana ya Maven imeshapanga foleni hiyo: inatafsiri msimbo, inaendesha majaribio, ndipo inafunga kifurushi cha kupeleka kwenye seva. Ukiandika mvn package, hatua ya majaribio inapitiwa yenyewe, na jaribio moja likifeli kifurushi hakitoki.

Anayetumia skripti ya kawaida ya Linux awe makini zaidi. Kila amri ikimaliza huacha namba: 0 maana yake salama, nyingine yoyote maana yake kuna kosa. Bash kwa kawaida haijali, amri ikifeli inaendelea na mstari unaofuata, hivyo programu mbovu inapakiwa huku maandishi mekundu yakipita juu ya skrini. Mstari wa set -e mwanzoni mwa skripti huifanya isimame hapo hapo.

Kuna mtego mwingine, na huu unawahusu sana wanaoandika kwa Kiswahili. Maven haisomi akili ya mtu, inatafuta majaribio kwa jina la faili. Isipobadilishiwa mpangilio, huchukua yale yanayoanza na Test, au yanayoishia na Test, Tests au TestCase. Faili ikiitwa JaribioLaPenta.java, itarukwa kimyakimya na ujenzi utatangazwa umefanikiwa. Iite PentaTest.java, au ongeza jina lako kwenye mpangilio wa Surefire, kiungo cha Maven kinachoendesha majaribio.

DHIS2 yenyewe, ambayo hutengenezwa kwa uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, imeandikwa kwa Java na hujengwa kwa Maven. Msimbo wake uko wazi GitHub, na mtu akipendekeza badiliko, majaribio huanza kukimbia bila kuombwa. Kijana wa Kibiti mwenye kompyuta na bando anaweza kuupakua na kuona yalivyoandikwa.

Ipo pia amri ya kuyaruka, -DskipTests. Inaokoa dakika kadhaa, na ina tabia ya kuingia kwenye skripti “kwa leo tu” kisha ikasahaulika humo mwaka mzima. Itafute kwenye skripti yako kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha fanya hivi: badilisha ile 15 kwenye jaribio iwe 16 kwa makusudi, halafu jenga programu. Ikikubali kujengwa, majaribio yako hayaitwi.