Corvette za Wanaanga: Thamani Iko Kwenye Karatasi

Mwaka 1967 kampuni ya Chevrolet ilitengeneza Corvette 22,940. Mwaka 1969 ikatengeneza 38,762. Kwa hesabu hizo, Corvette ya enzi hiyo haiwezi kuitwa gari adimu, na hadi leo minada ya Marekani haikosi kuwa nayo. Lakini yapo machache kati ya magari hayo, yaliyotoka kiwanda kilekile cha St. Louis yakiwa na injini zilezile, ambayo wakusanyaji wa magari ya kale huyatenga kabisa na mengine. Kilichoyatenga ni aliyeshika usukani: Neil Armstrong, Alan Bean, Alfred Worden. Hapo ndipo kazi ya mtaalamu inapoanzia, kwa sababu kusema gari fulani lilikuwa la mwanaanga ni rahisi, na kuthibitisha ni shughuli nyingine.

Uhusiano wa wanaanga na Corvette ulianza na Alan Shepard. Alipochaguliwa mwaka 1959 kuwa mmoja wa wanaanga saba wa kwanza wa NASA, tayari alikuwa akiendesha Corvette yake mwenyewe. Mei 5, 1961 akawa Mmarekani wa kwanza kwenda angani, na kampuni ya General Motors, mwenye Chevrolet, ikamzawadia Corvette nyeupe ya modeli ya 1962. Kwa kampuni yenye gari la spoti la kuuza, hakukuwa na tangazo zuri kuliko hilo.

Tatizo lilikuwa kwamba wanaanga walikuwa watumishi wa serikali, wengi wao maofisa wa jeshi. Magari ya bure kutoka kiwandani yangezua maswali, na kwa mshahara wa ofisa wa jeshi Corvette mpya haikuwa manunuzi mepesi. Aliyepata ufumbuzi ni Jim Rathmann, mshindi wa mashindano ya Indianapolis 500 ya mwaka 1960, ambaye alikuwa wakala wa Chevrolet mjini Melbourne, Florida, karibu na Cape Canaveral. Alipanga na General Motors wanaanga wakodishwe magari kwa dola 1 kwa mwaka. Wengi walichukua gari la familia kwa ajili ya mke na watoto, na la pili likawa Corvette ya baba. John Glenn hakuvutwa na mbio hizo. Alitosheka na gari la familia.

Neno la kuzingatia katika mpango huo ni kukodishwa. Watu wengi hudhani wanaanga walipewa magari hayo yakawa mali yao. Sivyo. Mkataba ulipokwisha, gari lilirudishwa, likaoshwa, likauzwa kama gari lingine lolote lililotumika. Aliyelinunua huenda hakuambiwa lilitoka kwa nani, na hata kama aliambiwa, hakuona sababu ya kutunza ushahidi. Ndiyo maana Corvette nyingi za wanaanga zimepotea. Hazikuteketea zote, baadhi huenda zingali barabarani mikononi mwa watu wasiojua wanachokiendesha.

Chukua mfano wa Apollo 12. Wanaanga wake watatu, Pete Conrad, Richard Gordon na Alan Bean, walikuwa marubani wa jeshi la majini na marafiki wa chanda na pete. Walichukua Corvette tatu za 1969 zinazofanana: rangi ya dhahabu, mabawa meusi yaliyochorwa nyuma, na injini ya inchi za ujazo 427, yaani takriban lita 7, yenye nguvu za farasi 390. Ubavuni kila gari lilikuwa na nembo ndogo ya nyekundu, nyeupe na bluu yenye herufi za cheo cha mwenyewe: CDR kwa Conrad, kamanda, CMP kwa Gordon, rubani wa chombo kikuu, na LMP kwa Bean, rubani wa chombo cha kutua Mwezini.

Novemba 1969 Conrad na Bean walitembea juu ya Mwezi. Baada ya safari hiyo magari yalirudishwa, na leo katika yale matatu ni la Bean tu linalojulikana liliko. Mwaka 1971 lilionekana kwenye yadi ya kampuni ya mikopo ya General Motors huko Austin, Texas, likiuzwa kwa zabuni. Kijana mmoja aliyelitambua alitoa bei yake akashika nafasi ya pili. Aliyemshinda hakuweza kulipa, naye akalichukua. Hakubadilisha rangi wala hakuondoa nembo. Kwa hiyo gari hilo linajitolea ushahidi lenyewe: rangi yake isiyo ya kawaida na herufi za LMP zinalingana na picha zilizopigwa wakati wake.

Corvette ya Neil Armstrong ni kesi tofauti. Hiyo ni ya 1967, rangi ya bluu, injini ya 427, na aliichukua kwa Rathmann Desemba 1966. Haina nembo wala mchoro wowote. Baada ya mwaka mmoja hivi ikahamia kwa mfanyakazi mwenzake wa NASA. Wakati huo Armstrong alikuwa amekwenda angani mara moja tu, kwa Gemini 8, na safari ya Apollo 11 ilikuwa bado. Mnunuzi yule alinunua gari zuri lililotumiwa na mtu wa kazini, akakaa nalo miongo kadhaa. Gari la namna hii, ukiliweka kando ya Corvette nyingine za bluu za mwaka ule, macho hayatakusaidia. Litakalokusaidia ni makaratasi.

Mtaalamu huanza na namba ya chesisi. Corvette ya 1967 yenye paa la kudumu huanza na 194377S: tarakimu 1 ni Chevrolet, 94 ni Corvette, 37 ni aina ya bodi, 7 ni mwaka, na S ni kiwanda cha St. Louis. Kisha huangalia namba iliyogongwa kwenye injini, ambayo tarakimu zake za mwisho hupaswa kuoana na za chesisi. Zikioana, ni dalili kwamba injini haikubadilishwa. Lakini hujajua bado nani alikuwa mwenye gari.

Kwa hilo unahitaji nyaraka za mauzo, mkataba wa kukodi, na kijitabu cha garantii, ambacho miaka ile kilikuwa na kibati kidogo chenye maelezo ya gari na jina la mteja wa kwanza. Kisha mnyororo wa wamiliki waliofuata, usiokatika hata pete moja. Kadi ya umiliki pekee inaweza kukupoteza, kwa sababu gari la kukodi kwa kawaida huandikishwa kwa jina la mwenye mali, si la aliyekodi. Saini kwenye dashibodi nayo haitoshi, maana mwanaanga anaweza kutia saini gari la yeyote aliyemwomba. Armstrong mwenyewe aliacha kugawa saini miaka ya 1990, na za kughushi zimezagaa.

Baada ya uthibitisho huja swali la ukarabati. Bodi ya Corvette ni ya faibaglasi, haishiki kutu, lakini hupasuka, na fremu iliyo chini yake ni ya chuma. Gari la kawaida hupigwa rangi upya, likawekwa viti vipya na kurudi kung'aa. Kwa gari la mwanaanga, hilo ni kufuta ushahidi. Rangi iliyochakaa na kiti alichokalia mwenyewe ni sehemu ya kinachonunuliwa. Fundi mwenye busara huzuia uharibifu usiendelee, hutafuta vipuri vya enzi ileile palipolazimu, na kingine chote hukiacha kilivyo.

Nasi tunaonunua magari yaliyotumika tuna la kujifunza hapa. Rathmann na General Motors hawakuwa wazembe. Hawakuona tu sababu ya kuhifadhi rekodi za magari waliyoyahesabu kuwa ya kawaida, na sasa wakusanyaji wanahangaika kuzitafuta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiwa na gari la zamani nyumbani, hata kama halikuendeshwa na mtu mashuhuri, tunza kadi yake, risiti za gereji na mkataba wa mauziano. Ukiliuza, mpe mnunuzi nakala.