Mashine au Sindano kwa Wazee Wenye Ugonjwa wa Sukari?

Siku hizi twasikia habari za mashine ndogo ambayo mgonjwa wa sukari huivaa kwenye mkanda wake, nayo humtilia dawa ya insulini usiku na mchana pasipo kuchomwa sindano kila mara. Jamaa walioko Ulaya huisifu, na mtu mwenye mama mzee hujiuliza: Je, tufanye mchango tumnunulie? Swali hili ni jema, maana latoka katika upendo. Basi yafaa tulipime pamoja, tukitazama maisha yalivyo Eringeti, wala si yalivyo Brussels.

Kazi ya insulini

Insulini hufungua njia ili sukari iliyomo damuni iingie mwilini na kuwa nguvu. Mwaka 1921, huko Toronto nchini Kanada, Banting na Best walifaulu kuitoa katika kongosho la wanyama. Na Januari 1922 kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, akawa mtu wa kwanza kutibiwa nayo.

Wazee wetu walio wengi wana sukari ya aina ya pili: mwili wao hutengeneza insulini bado, ila haitoshi au haifanyi kazi vema. Wengi hutosheka na vidonge na chakula cha kiasi. Wengine huhitaji sindano moja au mbili kwa siku. Lakini mashine hutumiwa hasa na wale ambao mwili wao umeacha kabisa kutengeneza insulini.

Uzuri wa mashine na madai yake

Hatukatai kwamba mashine ina faida. Zilizo mpya hupata habari kutoka kipimo kilichobandikwa ngozini, nazo husimamisha dawa zenyewe sukari inapoanza kushuka. Kwa mzee anayeishi mahali penye umeme na hospitali ya karibu, huo ni ulinzi mkubwa.

Lakini mashine hudai mengi. Bei yake ni maelfu ya dola. Mrija wake hubadilishwa kila siku mbili au tatu, na mirija hiyo hununuliwa daima. Tena hutumia insulini ya haraka tu: mrija ukipindika au betri ikiisha, mwili hauna akiba. Kwa asiyetengeneza insulini yake mwenyewe, saa chache zatosha damu kugeuka sumu. Kutoka Eringeti hadi Beni ni karibu kilometa 60, na njia hiyo si salama siku zote. Ni nani atakayeleta mrija mpya usiku huo?

Sindano ikitumiwa vema

Sindano si dawa ya kimaskini. Ni insulini ile ile. Ila ina kanuni zake. Insulini yenye rangi ya maziwa ibingirishwe polepole viganjani, isitikiswe kwa nguvu. Ile iliyo safi kama maji, ikiingia ukungu, itupwe. Mahali pa kuchoma pabadilishwe kila mara. Na kwa kuwa macho ya wazee huchoka, mtu mzima wa nyumbani asome alama za bomba pamoja naye.

Akiba haiozi, husema wazee. Lakini akiba ya insulini huharibika ikiachwa juani. Vichupa visivyofunguliwa vikae katika friji ya kituo cha afya, visigande kamwe. Kilichofunguliwa hukaa nyumbani kwa muda wa wiki nne, kivulini, ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga wenye maji. Karibu na msitu wetu wenye unyevu chungu hakipozi kama friji, lakini hupunguza joto. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza kwamba insulini iliyowekwa kwa wiki nne katika joto la nyuzi 25 hadi 37, kama lile la kambi ya Dadaab nchini Kenya, haikupoteza nguvu yake.

Adui wa mzee

Kwa mzee, sukari kushuka huua upesi kuliko sukari kupanda kidogo. Akitoka jasho, akitetemeka au akisema maneno yasiyoeleweka, tusidhani ni uzee au pombe. Anywe mara moja maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, na baada ya dakika 15 apimwe tena. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe kwa muuguzi.

Hatari hiyo huzidi wakati wa kukimbia. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wameacha makwao mara nyingi. Na tarehe 29 Novemba 2015 Eringeti yenyewe ilishambuliwa, hata hospitali haikusalimika. Mzee aliyechoma sindano asubuhi, kisha akakimbia bila kula, yu hatarini. Basi muuguzi aulizwe mapema: siku ya kukosa chakula, apunguze kiasi gani? Asiamue peke yake, wala asiache dawa ghafula. Na mfuko uwe tayari: insulini, mabomba, kipimo cha damu, sukari, na karatasi yenye kiasi cha dawa.

Ndugu wasomaji, mchango ukipatikana, ununue kwanza insulini ya kutosha na vijiti vya kupimia damu. Na kila nyumba imchague mtu mmoja wa kuubeba mfuko wa mzee siku ya mbio, achaguliwe leo, kabla ya milio kusikika.