Kuifungua Kalamu ya Mpingo Iliyounganishwa Vibaya

Kalamu iliyokerezwa kwa mkono, ikapigwa msasa na kung'arishwa hata mtu akaweza kuuona uso wake ndani ya weusi wa mti, kisha mtambo wake ukatiwa ndani milimita 2 kupita kiasi, haifai kwa kuandikia wala kwa kuwekwa mfukoni. Maana ncha ya wino hukaa nje saa zote, uisokote upande huu au upande ule, na kanzu ya kwanza itakayoichukua itarudi nyumbani na doa. Kalamu ya namna hiyo ilikuwapo mezani kwangu, kazi ya mikono yangu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe, kwani niliukaza mpini wa jiliwa kwa pupa pale iliponipasa kukaza kidogo kidogo na kupima. Mti wenyewe ni mpingo, ambao hukua polepole mno, na ambao biashara yake, pamoja na ya miti yote ya jamii ya Dalbergia, imewekwa chini ya udhibiti wa kimataifa tangu Januari 2017. Kuitupa pingili ya mti kama huo kwa ajili ya milimita 2 ni israfu ambayo mkerezaji mwenye dhamiri hawezi kuiridhia.

Ili msomaji aufahamu ufunguzi, sharti kwanza aufahamu muungano. Kalamu za aina hii, ambazo wanafunzi wengi wa kerezo huanza nazo, zina pingili mbili za mti, na ndani ya kila pingili imegundishwa neli ya shaba yenye kipenyo cha milimita 7. Pingili ya chini hubeba mbele yake kipande cha chuma kilichochongoka, ambacho hapa nitakiita pua, na nyuma yake mtambo mdogo wa kusokota, nusu yake ikiwa imezama ndani ya neli na nusu imechomoza nje. Pingili ya juu hubeba kichwa pamoja na kishikizo cha mfukoni, nayo huvikwa juu ya ile nusu iliyochomoza, pete ikikaa baina ya hizo mbili. Mrija wa wino ni wa mtindo wa Cross, na hilo ndilo jina la kuulizia dukani. Hupitishwa katikati ya mtambo, ambao u wazi ndani, ukakazwa kwa hesi zake. Ama chuma na neli, baina yao hamna gundi wala msumari: vimeshikana kwa kubanwa tu, kwa kuwa tundu la neli ni dogo kidogo kuliko kile kilichotiwa ndani yake. Kilichoingia kwa nguvu bila ya gundi chaweza kutoka kwa nguvu, maadamu nguvu hiyo imepitishwa mahali pake.

Na mahali pake ni wapi? Hebu tufanye hesabu. Neli ina milimita 7, na mti, ukishakerezwa hata ukalingana na pua, hubaki na kipenyo cha milimita 8 na kitu; tofauti hiyo ukiigawa pande mbili, utaona kwamba mti uliosalia ukingoni haufiki unene wa milimita 1. Sasa zingatia tabia ya mpingo. Mita moja ya ujazo wake hupita kilo 1,200, hata kipande chake kikitiwa majini huzama. Na kwa ugumu na uzito huo hupokea mng'ao kuliko miti mingi, ukapendwa na wachongaji wa Kimakonde na waundaji wa klarineti na oboe katika Ulaya. Lakini ugumu huohuo, ukifikishwa kwenye wembamba wa ganda la yai, hauna unyumbufu. Mti laini ungebonyea. Mpingo hupasuka, na mpasuko hukimbia kufuata nyuzi mpaka mwisho wa pingili. Kwa hiyo kanuni ni moja: chuma kisukumwe kwa chuma, kutoka ndani, na mti usibebeshwe nguvu hata chembe.

Mimi nilianza kwa kuichomoa pingili ya juu kwa mkono, nikaufungua mrija wa wino kwa kuusokota, nikauweka kando. Baada ya hapo hutanguliwa pua, wala si mtambo. Nafsi hushawishi kuukamata mtambo kwa koleo, kwa kuwa umechomoza na unaonekana, na wako wafanyao hivyo; walakini meno ya koleo huukwaruza, na mara nyingi mtambo huachana katikati, kipande cha shaba kikabaki kimeng'ang'ania ndani ya neli, na tatizo moja likazaa mawili. Nilichukua kijiti cha chuma kilichonyooka, chembamba kuliko mrija wa wino, nikakipitisha ndani ya mtambo mpaka nikasikia kimegota kwenye ukingo wa ndani wa pua. Pingili nikaifumbata katika kiganja cha kushoto kwa kipande cha ngozi, pua ikielekea chini, pasipo kuiegemeza mezani. Kwani pingili iliyosimamishwa juu ya meza huipokea nyundo pande zote mbili, ilhali iliyo mkononi hurudi nyuma pamoja na mkono. Mapigo yalikuwa mafupi na mepesi, na mapajani nilitandika kitambaa. Pigo la nne au la tano mlio ulibadilika, ukawa mzito kidogo, na hiyo ni dalili kwamba chuma kimeanza kutembea. Mapigo mawili zaidi, pua ikaanguka kitambaani, nzima, haina hata mkwaruzo.

Pua ikishatoka, njia imekuwa pana. Hapo huingizwa kijiti kinene kiasi cha kupita ndani ya neli bila ya kuikwaruza, kikaukabili mtambo kwa upande wake wa ndani, ukapigwa kwa namna ileile mpaka utoke wote.

Kuna fundi ambaye, akiona chuma kimelegea, hutia tone la supaglu. Simlaumu, lakini kuifungua kazi yake ni kazi nyingine. Gundi hiyo hulainika kwa joto, basi chuma peke yake kiguswe na chuma cha kulehemu kwa muda mfupi, kipigwe, na kiguswe tena ikibidi. Joto likiufikia mpingo, huupasua kama nyundo. Asetoni nayo huiyeyusha gundi, lakini wakerezaji wengi hutumia gundi iyo hiyo kung'arishia mti, na tone moja likivuja nje litaung'oa mng'ao wote.

Kabla ya kuirudisha, nilichungulia ndani ya neli kwa tochi, nikakuta chembe ya gundi ya zamani imeganda karibu na mdomo, nikaiondoa kwa tupa nyembamba ya duara. Chembe kama hiyo, isipoondolewa, hulifinya tundu, na pua ikilazimishwa humo, mti ndio utakaolipa. Pua ilirudi kwanza, na mtambo baada yake, katikati ya meno ya jiliwa yaliyofunikwa kwa mbao laini. Safari hii nilisimama kila nusu milimita, nikautia mrija, nikausokota, nikaitazama ncha. Kuuzamisha mtambo zaidi huchukua nukta. Kuurudisha nyuma, kama umekwisha kuona, huchukua alasiri nzima.

Kwa hiyo nawasihi wenye kalamu za mkono ambazo ncha zake hazirudi ndani, au ambazo nyuzi za pingili zake hazikuelekezana: msizikamate kwa koleo, wala msizitupe. Mrudishieni mkerezaji, mrija wa wino ukiwa ndani yake kama ulivyo, ili alione kosa lenyewe kabla hajaugusa mti.