Kisima Chenu Kimo Kwenye Ramani?

Mwezi huu hatuzungumzii dawa wala chanjo, bali ramani.

Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu wengi mtaa wa Soho, London, daktari John Snow alitia alama kwenye ramani kwa kila nyumba iliyofiwa. Alama zikajazana kuzunguka pampu moja ya maji, ile ya Broad Street. Mpini wa pampu uliondolewa, ingawa wakubwa wengi waliamini bado kuwa ugonjwa huletwa na hewa mbaya.

Kazi inayofanana na hiyo imefanyika hapa jirani. Mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Ardhi katika vichochoro vya Tandale na kata nyingine. Pamoja na wenyeji waliandika mifereji, njia na majengo. Mafuriko yanapochanganya maji ya choo na ya kisima, kujua mfereji ulipo ni jambo la afya.

Habari hizo ziliwekwa katika OpenStreetMap, ramani ya intaneti iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mtu yeyote aweza kuisoma na kuiongezea, bila malipo. Unasimama penye kisima na simu yako, unaweka alama, kisha unaeleza: ni cha pampu au cha kamba? Maji yake yanafaa kunywa? Kwetu pwani, penye visima vya maji chumvi, swali hilo si dogo. Pasipo mtandao, simu hutunza alama hadi utakapoupata.

Tufikirie Kaole, Mlingotini au Zinga. Dereva anamfuata mama mwenye uchungu usiku, naye ameelekezwa tu, "Pita mwembeni, ulizia dukani." Duka limefungwa!

Lakini pampu iliyokufa ikibaki kwenye ramani kama nzima, mama atabeba ndoo bure, na wakubwa watasema kijiji kina maji tayari. Kwa maoni yetu, afadhali kukosa ramani. Kwa hiyo jumuiya ichague vijana wawili wenye simu, wamwone kwanza mwenyekiti wa kijiji na bwana afya, kisha wapitie visima kila baada ya masika.

Nyumba ya mgonjwa, awe wa kifua kikuu au wa UKIMWI, isitiwe alama kamwe. Ramani ya Snow ilikuwa ya karatasi. Hii husomwa na dunia nzima.