Zima Kazi Kwanza, Ndipo Uachie Kumbukumbu

Ukichomoa modemu ya USB kwenye laptopu inayotumia Linux, wewe unaona taa tu imezimika. Ndani ya kerneli kuna shughuli: draiva ya kifaa hicho inatakiwa irudishe kumbukumbu na ifunge kila ilichofungua. Kwa mnaoandika draiva kwenye mradi wa mwaka wa mwisho, naona hapa ndipo pa kukaa tuongee.

Shida ni kazi za nyuma. Draiva haifanyi kila kitu papo hapo. Mengine inayaweka kwenye foleni yafanyike baadaye, kwa mfano kukagua kama kebo bado imechomekwa. Sasa ukiachia kumbukumbu huku kazi ingali foleni, itaamka na kugusa sehemu isiyo yake tena. Mashine inaweza kuganda, na ripoti ambayo hukuisevu ndiyo basi tena.

Dawa ni cancel_work_sync. Inaitoa kazi kwenye foleni, na kama imeshaanza inasubiri imalize. Kazi zilizopangiwa kuchelewa zina cancel_delayed_work_sync. Ile isiyo na sync mwishoni haisubiri, kwa hiyo hapa usiitegemee.

Lakini jiulize: nani anaipeleka kazi foleni? Mara nyingi ni intarapti au kipima muda. Usipowazima hao, ukishafuta tu wanaipanga upya. Kwenye usbnet, draiva ya Linux ya vifaa vya mtandao vya USB, kipima muda, kazi na maombi ya USB viliweza kuamshana kwa mzunguko, hivyo kuzima kimoja kimoja hakukutosha. Mwaka 2024 ilirekebishwa: draiva inaweka alama kwamba kifaa kinaondoka, na alama hiyo inakaguliwa kabla ya kuamsha chochote.

Mtego mwingine ni kufuli. Kerneli huita ndo_stop ikiwa imeshika kufuli la rtnl. Kama kazi yako nayo inalitaka kufuli hilo, na wewe unaisubiri humo humo, mtangojana hadi kesho. Ama kazi ijaribu kwa rtnl_trylock, ikikosa irudi foleni. Ama uifute baada ya unregister_netdev, mradi kazi yenyewe ikague kwanza kama kifaa bado kiko wazi.

Mpangilio ndio huo: zima wanaoamsha, futa kazi huku ukiisubiri, halafu achia kumbukumbu. Na ukipewa draiva ya mwenzako uikague, anza na upande wa kufunga. Ule wa kuwasha ameshaujaribu mara mia.