Juu ya nini tunafundisha bado redio ya zamani

Wazazi wa wanafunzi wetu, wengi wao watu wa kazi ya mgodi, wanatuuliza swali moja kila mwaka, zaidi ile miezi ya kulipa minervali. Wanasikia kwamba mtoto mwenye kusomea uinjinia wa umeme anafuata kozi yenye kuitwa mawasiliano ya analojiki, na kwamba kozi hiyo inaangusha wanafunzi wengi. Wanakuja wanasema: «Mwalimu, analojiki njo nini? Simu yangu iko numeriki, televizyo iko numeriki, hata mashini ya kutoboa mwamba sasa inafuata kompyuta. Munafundisha batoto yetu vitu vya zamani juu ya nini?»

Swali ni la haki. Ile pesa ya minervali inatoka chini ya ardhi, na mtu mwenye kuilipa ana haki ya kujua inanunua nini. Sisi wenye kufundisha kozi hii tunajibu hapa, kwa maneno ya nyumbani, bila zile hesabu zinazojaza ubao.

Tuanze na sauti. Ukisema, hewa inatikisika. Mikrofoni inageuza ule mtikisiko kuwa umeme: sauti ikipanda, umeme unapanda, ikishuka, unashuka nayo. Umeme unafuata sauti sawa kivuli kinavyofuata mtu. Hiyo njo analojiki. Numeriki yenyewe inakata sauti vipande vipande na kuandika kila kipande kwa hesabu. Ni kazi nzuri, hatuipingi. Lakini zile hesabu, ili zitoke kwa mtu mmoja mpaka kwa mwingine bila waya, zinapaswa kupanda juu ya wimbi la redio. Na wimbi halijui hesabu. Linapanda na kushuka, linachoka njiani, linagonga ukuta na kurudi, linachanganyika na kelele. Ndani ya kila simu ya numeriki, kipande cha mwisho kabla ya antena ni cha analojiki. Mwanafunzi mwenye kujua programu tu, siku antena inanyamaza, atabaki anaangalia skrini.

Sasa, kwa nini sauti isipande hewani yenyewe? Hapa tunapenda kutoa mfano mmoja, na kila mwaka unaamsha hata wale wa viti vya nyuma. Antena nzuri inaomba urefu wa karibu robo ya wimbi lake. Sauti ya herzi 3000 ikigeuzwa kuwa wimbi la redio, wimbi hilo lina urefu wa kilomita 100. Robo yake ni kilomita 25. Njo kusema, ili mtu wa Lubumbashi aite mwenzake kwa redio bila ufundi mwingine, atahitaji chuma chenye urefu wa karibu safari ya kwenda Kipushi! Lakini sauti ileile, tukiipandisha juu ya wimbi la megaherzi 100, antena inakuwa sentimita 75 tu, kama ile unayovuta juu ya posti yako ya nyumbani. Kupandisha sauti juu ya wimbi lenye kubeba: kozi nzima iko hapo. Kinachobaki ni kujua unaipandisha namna gani.

Namna ya kwanza ni AM: ukubwa wa wimbi unaongezeka na kupungua kufuatana na sauti. Ni rahisi, na kuipokea ni rahisi zaidi. Diyodi moja, kondensata, bobini na kitu cha kusikilizia masikioni vinatosha. Ubaya wake unajulikana na kila mtu mwenye kusikiliza mawimbi mafupi usiku wa masika. Radi ikipiga hata mbali, posti inapiga krrr. Radi inaongeza ukubwa wa wimbi, na posti ya AM haina namna ya kujua ukubwa gani ni wa mtangazaji na gani ni wa mvua.

Namna ya pili ni FM: ukubwa wa wimbi hauguswi, kinachobadilika ni frekansi, ule wepesi wa kutikisika. Posti ya FM inakata ukubwa wote wenye kuzidi, na kelele nyingi ya radi inakatika nayo.

Historia yake tunaifundisha kwa sababu ina somo kubwa. Mwaka 1922, Mmarekani John Carson, mtu wa hesabu wa kweli, alionyesha kwamba FM haipunguzi upana wa nafasi ambao stesheni inachukua. Wakati ule watu walikuwa wanatafuta kupunguza upana, basi wengi wakaona FM haina faida. Edwin Armstrong, Mmarekani mwingine, alishika barabara ya kinyume. Akasema, njo kusema kwa kazi yake, tuchukue upana mkubwa zaidi, tulipe kwa upana ili tununue utulivu. Alipata hati za uvumbuzi mwaka 1933, na alikuwa na haki. Leo stesheni ya AM yenye sauti ya mpaka kiloherzi 5 inachukua kiloherzi 10. Stesheni ya FM, ukifuata kanuni ya yuleyule Carson, inachukua karibu 180. Njo maana Radio Okapi, tangu 2002, inasikika safi ndani ya miji yetu.

Hayo yote yako juu ya ardhi. Tushuke sasa.

Mwenye kufanya kazi ya shimoni anajua kwamba mawimbi ya minara ya juu hayamfuati. Mwamba wenye maji na madini unapitisha umeme kidogo, na kitu chenye kupitisha umeme kinakula mawimbi. Frekansi ikiwa juu, mwamba unaila haraka. Ikiwa chini sana, herzi mia chache, wimbi linaweza kuvuka mamia ya mita za mawe. Lakini wimbi la pole namna hiyo halina nafasi ya kubeba sauti ya mtu, linabeba maneno machache ya kuandika. Ni bei ileile ya Armstrong, imegeuzwa upande mwingine. (Migodi mingine inaongeza njia ya zamani kabisa: wanatia ndani ya hewa ya kupumua gazi yenye harufu sawa kitunguu kilichooza, na kila mtu mwenye pua anaelewa kwamba anapaswa kukimbilia fasi ya usalama. Harufu nayo ni analojiki, tunasema hivyo darasani kwa kucheka.)

Toki-woki ndani ya galeri inasikika vizuri ukiwa unamuona mwenzako. Pita kona moja ao mbili, imekwisha. Kwa hiyo migodi mingi duniani ilitandika kable yenye kuvuja. Ni kable ya antena ya kawaida, ila ganda lake la nje limeachwa na matundu, ili wimbi litoke kidogo kidogo njia yote na la toki-woki liingie vilevile. Paul Delogne, profesa wa Louvain kule Ubelgiji, aliandika kitabu kizima juu ya kable hizo mwaka 1982. Na redio nyingi zenye kusemea ndani ya kable hizo ni FM ileile ya kozi yetu.

Kable ikivuja, wimbi linachoka. Basi kila baada ya mita mia chache wanaweka mashini ya kuongeza nguvu. Hapa wanafunzi wanapaswa kufungua macho. Ile mashini inaongeza sauti, ndiyo, lakini inaongeza pia kelele yenye ilifika pamoja na sauti, na inatia kelele yake yenyewe juu. Mashini ya 10 inapokea kelele ya zile 9 zote. Hakuna kiasi cha nguvu chenye kuiondoa. Na FM ina tabia yake: AM inafifia pole pole, FM inabaki safi, safi, safi, kiisha inakatika ghafla. Mchimbaji mwenye kusikia toki-woki inaanza kupiga shhh anapaswa kurudi nyuma hatua chache kabla ya kusema jambo la maana. Wengine wanajua hivyo kwa mazoea. Mwanafunzi wetu anapaswa kujua sababu, kwa kuwa siku moja yeye njo atapanga ile mashini ya kuongeza nguvu ikae wapi.

Tarehe 2 Januari 2006, mgodi wa makaa ya mawe wa Sago, jimbo la West Virginia, Marekani, ulilipuka. Watu 13 walifungiwa ndani, na hawakuwa na njia ya kusemezana na walio juu. Familia zao zilingoja ndani ya kanisa, karibu na mgodi. Usiku wa tarehe 3 waokoaji waliwafikia, wakiwa wamevaa mashini za kupumulia usoni. Habari yao ilipita kutoka mtu mpaka mtu hadi juu, na huko juu ikasikika kwamba watu 12 ni wazima. Kanisani watu waliimba, walikumbatiana. Ilipita karibu saa tatu nzima, ndipo familia zikaambiwa ukweli: 12 wamekufa, mmoja tu ni mzima.

Hatusemi kwamba redio peke yake ilikosa. Kuna mashini ile ya usoni, kuna uchovu, kuna watu wengi wa kupitishia habari, na kuna hamu ya kila mtu ya kusikia neno zuri. Lakini mwaka uleule Marekani iliandika sheria ya kulazimisha migodi ya chini ya ardhi ya makaa kuwa na mpango wa mawasiliano bila waya, ya pande zote mbili, yenye kuendelea kufanya kazi hata baada ya ajali. Na sisi tunaitumia habari hiyo kila mwaka, siku tunapofundisha kelele.

Siku hiyo tunafanya TP (siyo Mazembe, ni kazi za mikono). Mwanafunzi mmoja anaenda mbali na toki-woki, anasoma orodha ya maneno. Wengine wanaandika wanachosikia, huku tunaongeza kelele kidogo kidogo. Maneno tumeyachagua kwa makusudi: sita na fita, saa na faa, watu na wafu. Sauti za a, o, u zina nguvu nyingi, zinapita. Sauti za s na f ni dhaifu, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu ya zile herzi 3400 ambazo simu na toki-woki zinakata. Masikio yanajaza pengo kwa kubahatisha. Mwisho wa TP tunasoma karatasi kwa sauti kubwa, na daima kuna mwenye kuandika «watu 12» wakati mwenzake alisema «wafu 12». Oditwari inanyamaza. Wengi wao wana baba ao yaya mwenye kushuka shimoni. Baada ya hapo hatuna haja ya kueleza juu ya nini injinia anapigania desibeli tatu, wala juu ya nini habari nzito shimoni inapaswa kurudiwa na yule aliyeipokea, neno kwa neno.

Tuseme vilevile mambo yenye hayaendi vizuri. Kozi hii inaweza kufundishwa yote kwa chaki, na fasi nyingi njo vile inafundishwa. Umeme unakatika, osiloskopu ni moja kwa kundi kubwa, ao iko na haifanyi kazi. Mwanafunzi anajaza kurasa tatu za hesabu za Bessel bila kukosa, anapata alama 16 juu ya 20, lakini umpe toki-woki yenye kunyamaza hajui aanze kuipima wapi. Kwetu, alama hizo ni za bure. Afadhali yule wa 11 mwenye kufungua posti, kugusa bobini, na kusema: «Profa, kelele inaingilia hapa.»

Kwa hiyo tumegeuza mpango. Hesabu zinabaki, maana bila hesabu mtu anabaki fundi wa kubahatisha. Lakini kila kundi linaanza mwaka kwa kujenga posti yake ya AM, na hakuna mwenye kuanza FM kabla ya kusikia stesheni ndani ya mashini ya mikono yake. Vifaa havinunuliwi kwa bei kubwa. Tunavitoa ndani ya posti za zamani zenye kufa.

Hapo tunahitaji msaada wa nyumba zenu. Ile posti ya babu yenye haisemi tena, msiitupe na msiuze kwa kilo. Tunataka ile fimbo nyeusi ya ndani yenye kuzungushiwa waya mwembamba, na ile kondensata yenye kuzunguka unapotafuta stesheni, maana madukani inapatikana kwa shida. Mpeni mtoto wenu aje nayo. Akiirudisha nyumbani inasema, mumuulize alitengeneza wapi, na mumwache aeleze mpaka mwisho, hata kama chakula kinapoa.